Tandatu, Fungate na Kenda: Asili ya Hesabu Zetu za Kila Siku

Makala haya yametokana na matembezi yetu ya kukusanya msamiati katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka ilipofanywa wilaya mwaka 2012, na kwa upande wa lugha mpaka huo haupo: huku na huku wenyeji ni Wanyambo, wakiishi pamoja na watu wa makabila mengine waliofuata ardhi na kahawa. Sisi tulikwenda kutafuta maneno ya kilimo cha migomba. Tulirudi na suala la hesabu, ambalo hatukulitazamia.

Penye ghala moja la kahawa tulimkuta karani kijana akihesabu magunia. Alianza kwa Kinyambo, akasema ibiri, ishatu, ina, itano. Alipofika gunia lililofuata akahamia upande wa pili: sita, saba, nane, tisa, kumi. Tulimwuliza kwa nini amebadili njiani. Alieleza kuwa mukaaga, mushanju na mwenda ni maneno ya kikabila, hayafai kuandikwa kitabuni. Tukamwuliza tena, je, hizo sita na saba ni za nani? Akatutazama kwa mshangao. "Ni Kiswahili chenyewe, ndugu zangu."

Hatumcheki kijana huyu. Jibu kama lake tumelipata Dar es Salaam kwa watu waliosoma mpaka chuo kikuu. Na wapo wengine ambao kosa lao limeelekea upande wa pili: hao hushikilia kuwa Waswahili hawakujua kuhesabu mpaka walipofundishwa na Waarabu, kwa hiyo hesabu zote za Kiswahili ni za kuazima. Kauli hizi mbili zinapingana, lakini zinatokana na jambo moja, nalo ni kwamba hakuna aliyewahi kutueleza shuleni maneno haya yalitoka wapi.

Ukweli ni kuwa moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa ni ya Kiarabu. Ishirini, thelathini na wenzao mpaka tisini, pamoja na mia na elfu, ni ya Kiarabu pia. Laki ilitoka Bara Hindi, na milioni ililetwa na Wazungu. Msomaji anayetilia shaka mgawanyo huo wa kumi la kwanza hana haja ya kufungua kamusi. Sarufi ya lugha yake itamshuhudia. Twasema watoto wawili, watoto watano, watoto wanane, lakini husemi watoto *wasita* wala vitabu *visaba*. Neno la Kiarabu liliingia likakataa kuvaa viambishi. (Kumi nalo halivai, ingawa ni mwenyeji, kwa sababu tangu zamani ni nomino: twasema makumi.)

Je, kabla ya sita, saba na tisa watu wa pwani walisemaje? Walisema tandatu, fungate na kenda. Maneno haya hayakufa yote kifo kimoja. Tandatu, ambayo ndani yake twasikia tatu na tatu, sasa ni ya washairi na wataalamu tu. Fungate ipo hai kabisa, lakini imehamia nyumba nyingine: ni zile siku saba za maharusi, na wengi wanaoila fungate hawajui kuwa wanataja namba. Kenda ilidumu zaidi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado inayo, na kila anayewataja Wamijikenda wa pwani ya Kenya anasema miji tisa bila kujitambua. Wamijikenda wenyewe wanahesabu hata leo tandahu, fungahe, nane, chenda.

Hapo ndipo yule karani wa Karagwe anapoingia katika hoja yetu. Mwenda yake, aliyoiona ni ya kikabila isiyofaa kitabuni, ni ndugu wa damu wa kenda ya pwani. Munaana yake na nane yetu ni neno moja, na ikumi na kumi vivyo hivyo. Avuke mpaka aingie Rwanda, umbali usiofika safari ya siku moja, atasikia gatandatu kwa sita na icyenda kwa tisa. Yaani neno ambalo Mswahili wa Mombasa au Bagamoyo amelisahau linatumika kila siku sokoni ng'ambo ya Mto Kagera. Aliyekiacha Kinyambo ili aseme Kiswahili "chenyewe" ameacha Kibantu akashika Kiarabu, naye akidhani amefanya kinyume.

Mtu atauliza kwa nini Waswahili waliazima sita, saba na tisa, wasiazime tatu wala tano. Sisi twaona sababu ni mbili. Ya kwanza imo ndani ya lugha za Kibantu zenyewe: maneno ya moja mpaka tano, na la kumi, yanafanana kutoka Kameruni mpaka Natali, lakini yale ya sita mpaka tisa hubadilika kila baada ya mwendo mfupi. Hapo hapo ziwani, Mganda na Mnyambo wanasema mukaaga na Mnyarwanda gatandatu. Penye neno lisiloshika mizizi mgeni hupata kiti upesi. Hata Kinyambo kinaonyesha ufa huo katika sarufi: abantu bataano kwa watu watano, lakini abantu mukaaga kwa watu sita, bila upatanisho, ingawa mukaaga si neno la Kiarabu hata kidogo. Sababu ya pili ni biashara. Vitu vitano havihitaji mkataba; kiganja kinatosha. Hesabu kubwa ndizo za mizani, za deni na za kalenda, na mambo hayo matatu katika bahari ya Hindi yalifanywa kwa Kiarabu kwa karne nyingi.

Biashara hiyo ilifika Karagwe mapema kuliko wengi wanavyodhani. Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba mwaka 1861 hawakuwa wageni wa kwanza kutoka pwani. Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi wa Tabora, alikuwa na uhusiano na Rumanyika kabla yao, na Kafuro, si mbali na ikulu ya Bweranyange, palikuwa kituo cha wafanyabiashara. Stanley aliwakuta huko mwaka 1876. Watu hawa walinunua pembe na kuuza nguo, shanga na nyaya, na kila kitu kilikuwa na kipimo chenye jina: pembe kwa frasila, kama ratili 35 hivi, nguo kwa doti, na vitu vya ishirini ishirini kwa korija. Simbi nazo zilikuwa fedha, na zilizoea kuhesabiwa kwa wingi mkubwa. Katika Kiganda elfu kumi huitwa omutwalo, neno lilelile la mzigo. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wa nchi za maziwa hawakuwa na hesabu kubwa mpaka walipoletewa. Kinyankore, ndugu wa karibu wa Kinyambo, kina nkaaga kwa sitini, nshanju kwa sabini, kinaana kwa themanini, kyenda kwa tisini, igana kwa mia na rukumi kwa elfu, wala hakuna hata moja iliyotoka ng'ambo ya bahari. Tuliowauliza Karagwe na Kyerwa wenye umri chini ya miaka thelathini walikwama, wengi wao, baada ya ikumi.

Wala isidhaniwe kuwa njia ilikuwa ya kuingia tu. Zamani watu wa pwani walihesabu edashara, thenashara, thelatashara, kwa Kiarabu mpaka tisa na kumi. Leo twasema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kiarabu kilikuja, kikakaa, halafu hapo kikaondoka, na Kibantu kikarudi mahali pake bila Baraza lolote kuamuru. Sehemu ambako hakikuondoka ni katika visehemu: nusu, theluthi, robo, sudusi, thumuni. Wazee wanaoikumbuka sumuni ya senti hamsini walikuwa wakitaja thumuni, moja ya nane, nayo ni ya riale iliyotumika pwani kabla ya shilingi.

Kuhusu alama zenyewe, 1, 2, 3 na nyinginezo, ujinga ni mkubwa zaidi. Karani wetu aliziita namba za Kizungu. Wazungu wenyewe huziita za Kiarabu. Waarabu waliziita za Kihindi, na hao ndio waliosema kweli: zilianzia Bara Hindi, ambako Brahmagupta aliandika kanuni za kuhesabu kwa sifuri mwaka 628. Al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika juu yake katika karne ya 9, na Fibonacci wa Pisa, aliyejifunza akiwa kijana katika bandari ya Bugia huko Aljeria, akazipeleka kwa wafanyabiashara wa Italia kwa kitabu chake cha mwaka 1202. Hazikupokelewa kwa shangwe. Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza wanachama kuziandika vitabuni. Pwani yetu ilikuwa ikitumia sura yake ya mashariki, na sarafu za Seyyid Barghash wa Unguja zina mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, kwa tarakimu hizo. Tukitaja nambari za simu vijana hupenda kusema "ziro", wakiona sifuri ni ya wazee. Basi ziro ni sifuri ileile ya Kiarabu iliyopitia Italia na kurudi kwetu imevaa koti.

Tulipofika Murongo, mkabala na Kikagati ya Uganda, tulikuta tatizo lenye madhara ya wazi kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Wiki ya Kiswahili huanza kuhesabiwa Jumamosi, kwa hiyo Jumatano ni siku ya tano. Alhamisi ni "ya tano" vilevile, lakini kwa Kiarabu, kwa kuwa Waarabu huanza Jumapili. Wanyankore wanaanza Jumatatu, na Orwakataano, ya tano yao, ni Ijumaa. Hivyo mtoto aliyezaliwa mpakani ana siku tatu zinazofuatana, na kila moja jina lake ni tano. Akikosea haambiwi hivyo. Huambiwa kuwa hajui Kiswahili.

Kwa sisi tunaoshughulika na istilahi jambo hili si la udadisi tu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu hapo mtindo wa kutafuta neno umekuwa kutazama kwanza Kiswahili chenyewe, kisha lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kwenda mbali. Lakini mara nyingi tunaokaa katika vikao hivyo hatujui kipi ni chetu. Tumewahi, sisi wenyewe, kulipitia pendekezo lenye kenda tukaandika pembeni "ni la kikabila", tukaweka tisa. Hatusemi kuwa sita na tisa zifukuzwe. Zimekaa kwetu karne nyingi, na atakayejaribu atachekwa sokoni. Tunachokataa ni kudai usafi bila kujua. Mfano mzuri tunao. Mwongo, kumi la siku katika mwaka wa Nairuzi waliouhesabia mabaharia na wakulima wa pwani, lilikuwa linasahaulika, likatolewa likapewa kazi ya miaka kumi, na leo kila gazeti linaandika miongo miwili, ingawa wapo bado wanaouliza huyo mwongo amedanganya nini.

Tuliagana na Karagwe kwa mzee mmoja wa karibu na Kayanga aliyetuhesabia kwa Kinyambo mpaka mia bila kusita, akituangalia tunavyoandika. Alipomaliza akauliza: "Na ninyi wa pwani, kabla Mwarabu hajawapa sitini, mlisemaje?" Tulijibu kwa haraka ya mwanafunzi aliyesoma jana: "Makumi sita, Mzee." Akacheka mpaka akaweka fimbo chini. "Na hiyo sita si mmetoka kuniambia sasa hivi ni ya Mwarabu?" Tulifuta, tukaandika makumi tandatu.