Kigeugeu si Mwongo

Siku niliyoambia watu wa nyumbani kwamba sirudi chuo, mjomba aliniangalia tu akasema, "Wewe ni kigeugeu." Binamu yangu, yule wa Kiingereza kingi, akaongezea, "Fickle." Wakacheka. Mimi nikaenda kutafuta hilo neno la binamu limetoka wapi. Na manze, lina historia.

Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kwa Kiingereza cha kale, lilikuwa "ficol". Halikuhusu mtu wa kubadilisha mawazo hata kidogo. Lilimaanisha laghai, msee wa kukuchezea. Kulikuwa hata na kitenzi cha ukoo huo, "befician", yaani kudanganya. Ukiitwa ficol, majirani wanaficha kuku.

Halafu pole pole maana ikahama. Njia yake inaeleweka: laghai leo anasema hivi, kesho vile, huwezi kumtegemea. Watu wakashika hiyo ya kutotegemeka, ulaghai ukabaki nyuma. Kwa Romeo and Juliet ya Shakespeare, iliyochapwa mara ya kwanza 1597, Juliet analitumia kwa Bahati yenyewe. Na Bahati, Wazungu wa zamani walikuwa wanaichora na gurudumu: leo uko juu, kesho uko chini. Gurudumu halidanganyi mtu. Linazunguka tu. Siku hizi hata hali ya hewa inaitwa fickle, na mvua haijawahi kumwahidi mtu kitu.

Sasa cheki letu. Kigeugeu linatoka kwa geuka. Ndani yake hakuna uongo, kuna kugeuka tu. Lakini sisi tunalisukuma kule Kiingereza kilitoka. Mwanasiasa akiahidi barabara akijua haiji, tunamwita kigeugeu, na tunamaanisha mwongo. Kisha neno hilo hilo tunambandika mtoto aliyebadilisha kozi.

Hapo ndipo tunakosea. Kuna mtu alijua tangu mwanzo hatatimiza. Huyo ni ficol. Na kuna mtu alimaanisha kabisa, kisha akaona mambo tofauti. Mimi siku ya kujiunga na chuo nilimaanisha. Karo aliyolipa mama haikuwa mchezo, na mpaka leo inaniuma.

Niligeuka, ndio. Lakini sikudanganya. Mjomba, kigeugeu nimekubali. Mwongo, hapana.