Mbwa mwoga: kumjengea ujasiri katika mazingira ya Lafey

Mbwa mwoga ni mbwa wa kufugwa aliyetawaliwa na hofu kiasi kwamba vitu visivyo na madhara, kama mgeni langoni, ndoo inayoanguka au mlio wa pikipiki, humfanya akimbie, ajifiche, agande pale alipo au ang'ate. Hofu hiyo haiondoki kwa ukali, wala haiondoki kwa kubembelezwa. Hupungua pale mbwa anapoachiwa aamue mwenyewe asogee kiasi gani, na pale kitu anachokiogopa kinapofuatwa kila mara na jambo jema. Kazi hiyo inaelezwa hapa kama inavyoweza kufanywa Lafey, mji na eneo bunge la Kaunti ya Mandera, kaskazini-mashariki mwa Kenya, karibu na mpaka wa Somalia.

Mbwa na watu wa Lafey

Wakazi wa Lafey kwa wingi wao ni Wasomali, Waislamu wa madhehebu ya Shafi'i. Kwa madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mbwa haingii nyumbani wala halali penye mikeka. Lakini dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Surat al-Kahf inamtaja mbwa aliyewalinda vijana wa pangoni, na hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu husomeshwa watoto. Mahali pa mbwa basi ni nje, kando ya boma la miiba, akiwabwekea fisi na mbweha wanaowanyemelea mbuzi usiku.

Watu wa kuja hudhani kwamba desturi hii haiwezi kupatana na malezi mema ya mbwa. Wanakosea. Mbwa mwenye hofu hataki kushikwa, na anayemkumbatia kwa huruma anamfungia njia ya kutoroka. Mfugaji asiyemgusa mbwa wake, anayemtupia chakula kwa mbali na kumtengea sufuria kuukuu isiyorudi jikoni, ameshaipata nusu ya dawa. Kinachowaharibu mbwa wa mji huu, kama wa miji mingi ya Kenya, ni mawe. Mbwa aliyepigwa mawe tangu utotoni humwangalia mtu mikono. Mtu akiinama tu kufunga kamba ya kiatu, mbwa hufyata mkia na kutimka, ingawa hakuna aliyeokota chochote.

Chanzo cha hofu

Muda wa mtoto wa mbwa kuuzoea ulimwengu ni mfupi mno. Huanza wiki ya 3 hivi baada ya kuzaliwa na kufifia kati ya wiki ya 12 na ya 14. Jambo hili lilithibitishwa katika Maabara ya Jackson, mjini Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, ambako John Paul Scott na John Fuller walichunguza tabia za mbwa kwa miaka mingi na kutoa kitabu chao mwaka 1965. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1961, watoto wa mbwa waliokulia uwanjani bila kukutana na watu hadi wiki ya 14 walikuwa karibu sawa na wanyama wa porini, ilhali wenzao waliozoeshwa watu wakiwa na wiki 7 walijongea bila shida. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa chini ya mti wa mswaki nje ya mji, akaonekana kwenye jalala akiwa na miezi 3, amekwisha kupitwa na karibu muda huo wote. Anaweza kusaidiwa, ila itachukua miezi mingi, na huenda asiwe mchangamfu mbele ya wageni maisha yake yote. Woga hurithiwa pia, kwa hiyo ni busara kumtazama mama kabla ya kuchagua mtoto.

Tukio moja la kutisha nalo linatosha. Septemba 1924 mafuriko ya Leningrad yaliingia katika mabanda ya mbwa wa mwanasayansi Ivan Pavlov, na wanyama wakaokolewa kwa kuogeleshwa nje. Baadhi yao walipoteza mafunzo waliyokuwa nayo, na baadaye maji machache yaliyopenya chini ya mlango yalitosha kurudisha fadhaa yote. Lafey ina ngurumo za mvua za gu na deyr, misimu miwili ya mvua ya Wasomali, na kwa miaka mingi sasa ina pia milio ya risasi na mabomu ya kutegwa barabarani. Mbwa anayetetemeka bomba la moshi la gari linapotoa mlio wa mlipuko hajaharibika akili. Anakumbuka.

Namna ya kumjenga

Njia yenyewe ilijaribiwa kwanza kwa mtoto wa binadamu. Mwaka huohuo wa 1924, Mary Cover Jones wa New York alieleza jinsi alivyomtoa hofu ya sungura mtoto aliyeitwa Peter: sungura aliletwa akiwa ndani ya tundu, mbali, mtoto akiwa anakula kitu akipendacho, kisha akasogezwa kidogo kidogo.

Kwa mbwa, umbali wa kuanzia ni ule ambao anamwona mtu na bado anakula. Akikikataa hata kipande cha ini lililochemshwa, mtu amekaribia kupita kiasi na arudi nyuma. Saa nzuri ni jioni, joto likishapungua na mbuzi wakiwa wamerudi. Mtu aketi chini akiwa amempa mbwa ubavu, asimkazie macho, asimwite. Atupe tonge, na alitupe nyuma ya mbwa, wala si katikati yao. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa wanataka kumvuta aje. Tonge lililo mbele humlazimisha mbwa mwenye njaa aje karibu kuliko moyo wake unavyomruhusu. Akishalimeza hushtuka kujikuta pale alipo, na safari inayofuata anaogopa zaidi. Tonge la nyuma humpa ahueni ya kuondoka, na akirudi amerudi kwa hiari yake. Kila hatua anayorudi nayo ni yake.

Dalili zinazosomwa ni ndogo: kulamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi, masikio kulala nyuma, weupe wa jicho kuonekana, uzito wa mwili kubaki miguu ya nyuma. Mbwa anayenguruma asipigwe. Ngurumo ni onyo, na mbwa aliyefundishwa kunyamaza hung'ata bila kuonya.

Asifungwe mnyororo kwenye lango wanapopita watu, kwani asiyeweza kukimbia hubaki na meno tu. Apewe kazi: kuandamana na mbuzi kunamtuliza kuliko kukaa bure. Huko Namibia, Cheetah Conservation Fund imekuwa ikiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mifugo tangu 1994, na watoto wa mbwa hao huwekwa na mbuzi wakiwa wachanga ili wakue wakiwaona kama kundi lao. Maficho nayo ni ya lazima. Banda la mabati huwaka kwa jua la Mandera. Afadhali kivuli cha mgunga kilichozungushiwa miiba, chenye njia mbili za kutokea.

Tahadhari ya kichaa

Kenya ina mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa wa 2014 hadi 2030, unaolenga kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa mwoga hukamatwa kwa shida siku ya chanjo, na ndiye mwepesi wa kung'ata, kwa hiyo kumzoesha watu mapema kunaihusu afya ya mtaa mzima. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Na mbwa aliyekuwa shupavu akigeuka ghafla kuwa mwoga, akajificha gizani, akashindwa kumeza au akatokwa na mate, asitupiwe ini wala kujaribiwa mafunzo, maana huenda ni kichaa. Watoto waondolewe karibu naye na afisa wa mifugo aitwe.