Fransisko wa Assisi na Wimbo wa Shukrani

Katika Injili ya Mtakatifu Luka tunasoma habari za wakoma kumi. Wote kumi walimlilia Bwana Yesu, na wote kumi wakatakasika. Mmoja tu akarudi kumtukuza Mungu, naye alikuwa Msamaria. Tunapoisikia habari hiyo kanisani tunawahukumu wale tisa upesi. Lakini hata yule mmoja aliyerudi alikuwa amekwisha kupona. Leo twataka kusimulia habari za mtu aliyeshukuru kabla hajapona, wala hakupona kamwe.

Mtu huyo ni Mtakatifu Fransisko, aliyezaliwa mwaka 1181 au 1182 katika mji wa Assisi, nchi ya Italia. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa nguo. Jinsi alivyoacha mali yote na kuoa ufukara, wasomaji wetu wanajua, nasi hatutarudia. Jambo moja tu tulikumbuke: tangu ujana wake alipenda sana kuimba, hasa nyimbo za Kifaransa, zile za waimbaji waliozunguka katika nyumba za wakubwa. Alipovaa vazi la maskini aliacha fedha, akaacha karamu, kuimba hakukuacha.

Mwaka 1219 alikwenda Misri, akaonana na Sultani al-Kamil. Baada ya safari ile macho yake yakaugua vibaya. Katika Septemba ya mwaka 1224, juu ya mlima wa La Verna, alipata madonda matakatifu mikononi, miguuni na ubavuni. Basi mwaka 1225, alipoletwa San Damiano, mahali walipokaa Mtakatifu Klara na masista wake, alikuwa mtu aliyekwisha kabisa. Walimtengenezea kibanda cha mikeka. Alilala humo zaidi ya siku 50. Mchana hakuweza kuvumilia mwanga wa jua, na usiku hakuweza kuvumilia hata mwanga wa moto. Usingizi haukuja kwa sababu ya maumivu. Na ulipokaribia kuja, panya wakaufukuza. Walikuwa wengi, wakapita juu yake na pande zote, hata wakati wa kula hawakumwacha.

Ndugu waliomwuguza walisimulia mambo hayo baadaye, wala hawakuficha kwamba usiku mmoja Fransisko alijionea huruma mwenyewe. Tunawashukuru kwa kutuambia. Alimwomba Mungu amsaidie kuvumilia, naye akapata moyoni ahadi ya Ufalme wa mbinguni. Asubuhi akaketi, akawaambia wenzake maneno ambayo maana yake ni hii: kama Kaisari angempa mtumishi wake ufalme mzima, je, mtumishi hangefurahi? Nami nimeahidiwa ufalme ulio mkubwa kupita huo, ningali hai katika mwili. Kwa hiyo nataka kutunga wimbo mpya wa sifa, kwa ajili ya viumbe vya Bwana tunavyovitumia kila siku, ambavyo bila hivyo hatuwezi kuishi, na ambavyo watu wanavipokea bila kumshukuru aliyevitoa.

Ndivyo ulivyozaliwa ule Wimbo wa Viumbe. Mtu asiyeweza kulitazama jua aliliita jua kaka yake, akamsifu Mungu kwa uzuri wake. Aliyeumizwa na mwanga wa moto aliuita moto ndugu mzuri, mwenye furaha na nguvu. Akautaja mwezi na nyota, upepo na mawingu, maji, na ardhi iliyo mama mwenye kutulisha.

Wataalamu wa lugha wamebishana sana juu ya neno moja dogo la wimbo huo, yaani neno «per». Je, maana yake ni kwamba Mungu asifiwe kwa sababu ya viumbe, au kwamba viumbe vyenyewe vimsifu? Sisi tunaosema Kiswahili hatupati taabu kubwa hapo, maana neno letu «kwa» linabeba mizigo yote miwili. Lakini ikiwa lazima tuchague, twaona maneno aliyosema asubuhi ile yanaelekea upande wa shukrani. Kilichomwumiza Fransisko ni kuona watu wanaoga, wanakunywa, wanaota moto, wala hawasemi asante.

Hapo lazima tujihadhari. Fransisko hakusifu ugonjwa, na panya hawamo katika wimbo. Tena aliyeimba ni mgonjwa mwenyewe. Hakuna mtu mwenye afya aliyesimama mlangoni kumwamuru. Katika nchi yetu ya Kongo, hasa upande wa mashariki, vita imewafukuza watu wengi kutoka mashamba na makaburi yao. Mtu aliyeshiba asimwendee mkimbizi aliyefiwa akamwambia: Imba, mshukuru Mungu. Akae naye kwanza, ampe maji. Kama wimbo utakuja, utatoka kwa mwenye kilio. Nasi tumewasikia wamama wa namna hiyo wakianzisha wimbo katika Misa ya Dominika, na sauti yao haikufanana na ile ya sikukuu ya kupata diploma.

Jambo lingine la kuangalia ni lugha. Wakati ule sala za Kanisa zilikuwa za Kilatini. Fransisko aliutunga wimbo wake katika lugha ya nyumbani, lugha ya soko la Assisi, hata leo unahesabiwa kati ya maandiko ya kwanza ya Kiitaliano. Aliutia na sauti, akawafundisha ndugu. Sauti hiyo imepotea: katika kitabu cha zamani kinachotunzwa Assisi waliacha nafasi ya kuandika nota, lakini hawakuziandika. Fransisko alitaka ndugu waende kuhubiri na kuimba, wakijiita waimbaji wa Bwana, na ujira wao uwe toba ya wasikilizaji. Mfransisko mmoja wa Ubelgiji, Padri Guido Haazen, alifanya kazi ya jamaa hiyo huko Kamina, katika Katanga. Watoto na waalimu wa kwaya yake walipewa jina la waimbaji wa kuzunguka wa zamani: Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 waliimba Missa Luba. Maneno yalikuwa bado Kilatini, lakini sauti na ngoma zilikuwa za kwetu. Wengine walishangaa kusikia ngoma mbele ya altare. Fransisko hangeshangaa, twadhani.

Turudi Assisi. Fransisko angali mgonjwa, Askofu na mkuu wa mji waligombana. Askofu akamtenga mkuu na Kanisa; mkuu naye akapiga mbiu kwamba mtu asiuze wala asinunue kitu kwa Askofu. Fransisko akaona haya, kwa sababu hakuna aliyewapatanisha. Hakuandika barua. Aliongeza ubeti mmoja juu ya watu wanaosamehe kwa upendo wa Mungu na kuvumilia ugonjwa na taabu, kisha akawatuma ndugu wauimbe mbele ya wote wawili katika uwanja wa Askofu. Mkuu alisikiliza akisimama, mikono imeunganishwa, machozi yakimtoka. Akapiga magoti mbele ya Askofu. Askofu akamwinua, akakiri kwamba kwa tabia yeye ni mwepesi wa hasira, naye akaomba msamaha. Wakakumbatiana.

Mwaka 1226 mganga alimwambia Fransisko wazi kwamba atakufa karibuni. Akawaita Ndugu Leo na Ndugu Angelo wamwimbie wimbo ule, akaongeza ubeti wa mwisho juu ya kifo, akikiita dada. Aliimbisha mchana na usiku katika nyumba ya Askofu, iliyolindwa na askari. Ndugu Elia akaingiwa na wasiwasi: watu wanamdhania mtakatifu, watasemaje wakisikia mtu anaimba badala ya kujitayarisha kufa? Elia hakuwa mtu mbaya. Aliogopa maneno ya watu, kama sisi. Fransisko akamwomba amwache afurahi katika Bwana na kumsifu katika ugonjwa wake.

Akafa jioni ya Jumamosi, tarehe 3 Oktoba 1226, pale Porziuncola. Kesho yake watu wa Assisi waliuchukua mwili wake wakiimba, wenye matawi mikononi. Hawakwenda moja kwa moja mjini. Walipita kwanza San Damiano, ambapo wimbo ulizaliwa. Kile kidirisha cha chuma ambacho masista walipokelea Komunyo kikaondolewa, ili Klara na wenzake wamwone, wakambusu mikono.