Jina la Sheria na Ekari Milioni 35

Januari 7, 1795, gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani alitia saini sheria ambayo ukisoma jina lake utadhani inahusu malipo ya askari wa zamani wa jimbo. Ndani yake mlikuwa na jambo jingine kabisa: ekari zipatazo milioni 35 za eneo la Yazoo ziliuzwa kwa kampuni nne za walanguzi wa ardhi kwa dola 500,000, kama senti moja na nusu kwa ekari. Wenyeji wa ardhi hiyo, wakiwemo Wachoctaw na Wacreek, walikuwa bado wanaikalia, na hawakuulizwa. Ilipobainika kwamba karibu kila mbunge aliyeunga mkono muswada alikuwa na hisa katika kampuni hizo, wananchi walighadhibika, wakachagua bunge jipya. Februari 1796 bunge hilo liliifuta sheria na kuichoma moto hadharani, mbele ya jengo la bunge mjini Louisville.

Moto huo ndio unaokumbukwa, lakini naona jambo zito zaidi lilifanyika miaka miwili baadaye. Katiba mpya ya Georgia ya 1798 ilikataza kupitisha sheria yenye jambo tofauti na lililotajwa katika jina lake. Kizuizi hicho kiliziba ufa uleule mwizi alimopitia. Tukumbuke kwamba Congress, bunge la taifa, hupewa na Katiba ya taifa mamlaka yake moja moja. Bunge la jimbo lina mamlaka yote ya kutunga sheria, isipokuwa yale liliyokatazwa. Ndiyo maana katiba za majimbo zimejaa makatazo, na mengi kati yake yana jeraha nyuma yake.

Jeraha la pili lilikuwa deni. Mfereji wa Erie ulipofunguliwa mwaka 1825 na kuitajirisha New York, majimbo mengine yalitaka kufuata. Mwaka 1836 Indiana iliidhinisha mkopo wa dola milioni 10 kwa mifereji, barabara na reli. Uchumi ukaporomoka mwaka uliofuata, na kufikia 1842 majimbo manane, pamoja na Florida iliyokuwa bado haijawa jimbo, yalikuwa yameshindwa kulipa. Hapo New York, katika katiba yake ya 1846, ikaweka sharti: mkopo mkubwa utajwe kazi yake moja, utungiwe kodi ya kuulipa ndani ya miaka 18, kisha upelekwe kwa wapiga kura. Indiana mwaka 1851 ilikaribia kufunga mlango kabisa.

Wapo wanaouliza: wabunge wamechaguliwa na watu, kwa nini wafungwe mikono? Lakini waliowafunga ni watu haohao, na sharti la New York halikumpa jaji uamuzi, lilimrudishia mpiga kura. Hoja ya pili ina uzito zaidi: vizuizi hukwepwa. Ni kweli, baadaye majimbo yaliunda mamlaka maalumu zinazokopa kwa majina yao zenyewe, na mahakama zikaruhusu. Kwa hiyo siamini sana katazo linalosema hapana tu. Naamini lile linalolazimisha jambo lisemwe wazi kabla ya kura.

Kesi ya Yazoo yenyewe inaonyesha kwa nini wakati ni muhimu. Mwaka 1810, katika Fletcher dhidi ya Peck, Jaji Mkuu John Marshall aliamua kwamba Georgia haikuweza kuifuta ile sheria, kwa kuwa Katiba ya taifa inakataza majimbo kuvunja mikataba, na wanunuzi waliofuata hawakuwa na hatia. Kizuizi cha katiba kikaukinga mkataba uliozaliwa na rushwa, na mwaka 1814 Congress ikatenga hadi dola milioni 5 kuwafidia wadai. Kuchoma karatasi hakukuwarudishia watu wa Georgia chochote. Sharti la jina la sheria, linalofanya kazi muswada ukiwa bado mezani, lingali katika katiba ya jimbo hilo mpaka leo.