Vipimo vya umeme vilivyoacha kuandikwa kwa mkono

Kwa miaka mingi kupima umeme maabarani ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja anaiinamia mita na kusoma mshale, mwenzake ameshika daftari na kalamu, anaandika anachotajiwa. Mshale ukisimama katikati ya mistari miwili, msomaji anakadiria. Baadaye namba zilezile zinahamishiwa kwenye karatasi ya grafu, na kila zinaponakiliwa kosa jipya linapata upenyo.

Mshale uliondolewa California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale mhandisi Andrew Kay wa kampuni ya Non-Linear Systems alipotengeneza mita ya volti inayoonyesha tarakimu. Ndiye huyohuyo aliyekuja kuuza kompyuta za Kaypro miaka ya 1980. Kukadiria kukaisha, lakini katika maabara nyingi kalamu ilibaki palepale.

Mwaka 1966 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa kompyuta yake ya kwanza, 2116A, na nia yake haikuwa kupiga hesabu za ofisini. Iliundwa ili iendeshe vyombo vya kupimia vya kampuni hiyo. Tatizo likawa nyaya: kila chombo kilitaka kadi yake ya kuunganishia, na fundi aliyenunua mita mpya alianza upya kuhangaika.

Dawa yake ilitoka kwa kampuni hiyohiyo: njia moja ya mawasiliano kwa vyombo vyote, ambayo mwaka 1975 ilikubaliwa kuwa kiwango rasmi kwa jina la IEEE 488. Plagi yake ina pini 24, na nyaya nane kati yake hubeba data. Vyombo visivyozidi 15 huunganishwa pamoja, kwa waya usiopita mita 20.

Uzuri wake hasa uko kwenye nyaya tatu za kupeana zamu. Mtumaji hutangaza kwamba baiti iko tayari. Wapokeaji hawaruhusu itumwe nyingine mpaka wa mwisho wao athibitishe kuwa ameipokea. Hivyo printa ya polepole na mita ya kasi zinaweza kukaa kwenye waya mmoja bila herufi hata moja kupotea. Gharama yake ni kwamba anayepokea polepole kuliko wote ndiye anayeamua mwendo wa wote.

Lugha ilichelewa zaidi. Kila mtengenezaji alikuwa na amri zake, na programu iliyoandikwa kwa mita moja mara nyingi haikufaa kwa nyingine. Mwaka 1990 watengenezaji wakubwa walikubaliana juu ya amri za pamoja ziitwazo SCPI. Tangu hapo fundi akiandika MEAS:VOLT:DC? mita inayofuata utaratibu huo inapima volti na kurudisha jibu, hata awe ameinunua kwa nani.

Kuhusu kasi, chombo cha kukitazama ni multimita ya HP 3458A ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Inaweza kuchukua vipimo 100,000 kwa sekunde moja. Lakini matokeo yakitumwa kama maandishi ya kawaida, kila kipimo kinakula takriban baiti 15, yaani baiti milioni moja na nusu kwa sekunde, wakati waya wa IEEE 488 uliwekewa ukomo wa milioni moja. Kwa hiyo hutumwa katika mfumo wa namba mbili, baiti mbili tu kwa kipimo. Fundi huizuia pia mita isijitafutie kiwango cha kupimia, na huzima kioo chake, kwa sababu hata kuandika namba kwenye kioo kunakula muda.

Hata hivyo kasi hiyo inalipiwa kwa usahihi. Umeme wa gridi Kenya na Tanzania hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na mngurumo wake huingia kwenye nyaya za kupimia. Mita huufuta kwa kupima katika mizunguko kamili, kila mmoja milisekunde 20. Ukitaka mizunguko kumi kwa kila kipimo, hupati zaidi ya vipimo vitano kwa sekunde. Kwenye vipimo 100,000, mita hiyohiyo inayoweza kutoa tarakimu nane na nusu hubaki na nne na nusu. Anayejisifu kwa wingi wa data bila kutaja hilo hajatueleza jambo la maana.

Leo vyombo vipya huunganishwa kwa USB au waya wa mtandao, lakini vya zamani havijafa. Ukiwa mwalimu wa ufundi au msimamizi wa maabara, kagua mgongo wa mita kuukuu zilizo stoo. Ukikuta tundu la pini 24, usiiuze kama chuma chakavu. Tafuta adapta ya kuiunganisha na USB, kisha wape wanafunzi waiandikie programu.