Nyumba za wazee ni mambo ya Wazungu? Tuulize Tabora



Najua nimepotea karibu wiki tatu. Sikuwa nimefungwa wala sijaacha kuandika. Nilikuwa nyumbani Tabora, mtaani kwetu Kitete, kwenye kikao cha ukoo. Kikao chenyewe kilimhusu Bibi Mdogo, yaani mdogo wake bibi mzaa mama, ambaye mwezi uliopita aliteleza uani usiku akienda chooni, akakaa chini peke yake mpaka alfajiri. Namshukuru Mungu hakuvunjika. Lakini ukoo mzima ulishtuka, simu zikapigwa kutoka Dar, Mwanza mpaka Mpanda.

Mjomba mmoja akatoa hoja: tumtafutie mahali pa kutunzwa wazee, tuchange, awe na mtu karibu saa zote. Jamani! Mngesikia kelele zilizofuata. Shangazi alilia. Mjomba mwingine akapiga meza: "Nyumba za wazee ni mambo ya Wazungu. Mwafrika hatupi mzee wake." Mwisho wakanigeukia mimi: "Wewe si mwandishi? Hebu kachunguze, mahali pazuri panajulikanaje?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui hata swali la kwanza la kuuliza. Nikipelekwa kukagua hoteli, nitauliza maji na vyandarua. Nikipelekwa kukagua shule, nitauliza walimu na madawati. Kwa wazee je? Nikaanza kusoma, na kusoma kwenyewe kukanirudisha hapa hapa Tabora, kwenye njia ya misafara. Leo nawaletea nilichokikuta.

Tuanze na ile kauli ya mjomba. Ni kweli kwamba nyumba kubwa zenye vitanda vya wazee hazikuwa desturi yetu. Mzee alitunzwa na watoto wake, wajukuu wake na shamba lake. Lakini desturi hiyo ilikuwa na sharti moja ambalo hatulitaji: lazima uwe na watu wako. Je, asiye na watu alizeekea wapi?

Na Tabora ya karne ya 19 ilijaa watu waliotengwa na watu wao. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, wakati mahali hapa pakiitwa Kazeh, wakakuta kituo kikubwa katikati ya safari ya kutoka pwani kwenda Ujiji. Wanaume wa Kinyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri, wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo na shanga. Wao wakiwa njiani miezi kwa miezi, nani alilima? Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watumwa, wengi wao wanawake, walioletwa kutoka mbali, Manyema na kwingineko. Wengine waliolewa, wakazaa, wakamezwa na koo za hapa. Wengine walizeeka wakiwa mali ya mtu.

Na mpagazi je? Akiwa na nguvu alilipwa. Akiugua njiani, mzigo ulihamishiwa bega la mwingine na msafara ukaendelea. Mpagazi hakuwa na pensheni.

Nimekosea. Mmoja alikuwa nayo, ingawa yeye hakuwa mpagazi bali kiongozi wa misafara. Anaitwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni, akauzwa, akavushwa bahari mpaka India, akawa huru baada ya bwana wake kufa, akarudi Unguja. Alisafiri na Burton na Speke, akasafiri tena na Speke na Grant, kisha na Stanley mwaka 1871, kisha akavuka bara zima na Cameron. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Kijiografia ya London ilimpa pensheni ya pauni 15 kwa mwaka, akaila mpaka alipofariki mwaka 1885. Ukienda Kwihara leo, tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 limekuwa makumbusho. Bombay naye alipita pale. Maelfu waliobeba mizigo nyuma yake hawakupata hata senti ya uzeeni.

Sasa shikilieni viti. Mnadhani sheria ya kwanza ya kuandikwa iliyozungumzia matunzo ya wazee katika Tanganyika ya wakoloni iliwalenga nani? Wazee wa heshima? Watemi? Hapana. Kwa kadiri nilivyosoma, iliwalenga watumwa.

Wajerumani, walioivunja ngome ya Mtemi Isike hapa Tabora Januari 1893, hawakuufuta utumwa. Waliuwekea taratibu. Tarehe 29 Novemba 1901 Kansela wa Ujerumani alitoa amri kuhusu watumwa wa nyumbani. Ilisema mtumwa anaweza kujikomboa kwa kulipa fedha itakayopangwa na serikali. Ilisema apewe siku 2 kwa wiki za kujifanyia kazi zake. Na ilisema bwana ana wajibu wa kumlisha na kumtunza mtumwa wake akiugua au akizeeka. Ikaongeza kwamba wajibu huo haufutiki kwa kumwachia huru mtumwa aliyekwisha kuwa dhaifu.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Huwekewi kizuizi ambacho hakuna anayekivuka. Aliyeandika amri alijua kwamba bwana mjanja angeweza kumtumikisha mtu miaka 40, kisha siku magoti yakigoma amwambie, "Haya, nimekuacha huru, nenda zako." Uhuru wa aina hiyo ni kutupwa tu.

Karatasini, basi, kiwango kilikuwepo. Mzee ana haki ya chakula na matunzo, na kuna mtu anayewajibika. Lakini jiulize: mtumwa mzee, kipofu, kijiji cha mbali, asipolishwa anamwambia nani? Atembee mpaka boma akamshtaki bwana wake kwa Mjerumani? Nani anakuja kwake kuangalia chungu kina nini? Amri ilitaja mwenye wajibu. Kuhusu nani atapita nyumba kwa nyumba kukagua, haikusema kitu.

Wajerumani waliondoka Tabora Septemba 1916 majeshi ya Kibelgiji yalipoingia. Baadaye Waingereza, waliokabidhiwa Tanganyika, walipitisha sheria ya kufuta utumwa mwaka 1922. Jambo jema kabisa, na lilichelewa. Ila kwa mzee asiye na ukoo lilikuwa na upande wa pili: bwana hakuwapo tena kisheria, na ule wajibu ukabaki hauna mwenyewe.

Nani aliuokota? Kwa sehemu kubwa, wamisionari, na mara nyingi kupitia mlango wa ugonjwa. Kusini mwa Tabora, Sikonge, Wamoraviani walijenga hospitali na makazi ya wagonjwa wa ukoma. Penginepo nchini kulikuwa na makazi kama hayo. Mgonjwa wa ukoma alitengwa na kijiji chake kwa hofu, akaishi miaka mingi mbali. Dawa mseto zilipoanza kutumika miaka ya 1980, ukoma ukawa unapona. Lakini mtu aliyeondoka nyumbani akiwa kijana, akapona akiwa na nywele nyeupe na vidole havipo, anarudi kwa nani? Shamba limegawanywa. Ndugu wamekufa. Akabaki pale pale, na makazi ya ukoma polepole yakawa makazi ya wazee. Ndiyo historia ya Nunge kule Kigamboni, na ya Bukumbi kule Mwanza.

Ongeza hapo manamba waliokwenda kukata mkonge wasirudi tena kwao. Ongeza, katika kanda yetu hii ya magharibi na Usukumani, bibi zetu waliofukuzwa vijijini kwa kuitwa wachawi, eti kwa sababu ya macho mekundu. Macho mekundu ya moshi wa jikoni, miaka 60 ya kuwapikia hao hao wanaowafukuza!

Kwa hiyo nilimjibu mjomba hivi: nyumba za wazee hapa kwetu hazikuletwa na Wazungu waliochoka wazazi wao. Zilitokana na historia yetu wenyewe, na walioingia humo ni wale ambao utumwa, ukoma, kazi za mbali na hofu ya uchawi viliwakata na watu wao. Hawakutupwa na watoto wao. Wengi hawakuwa na watoto wa kuwatupa.

Baada ya uhuru serikali iliyachukua makazi mengi. Visiwani, baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Karume alijenga nyumba za wazee Sebleni, na mwaka 2016 Zanzibar ikaanza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya kila mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la. Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003. Inasema mlezi wa kwanza wa mzee ni familia na jamii, na makazi ni hatua ya mwisho. Serikali inaendesha makazi zaidi ya kumi, mojawapo hapa hapa Tabora, Ipuli.

Sipingi sera hiyo. Lakini fikirini nami kidogo. Kama makazi ni hatua ya mwisho, basi anayeingia ni yule asiye na mtu kabisa. Na asiye na mtu ndiye asiye na ndugu wa kuja Jumapili na chungwa, akaona shuka chafu, akapandisha sauti. Sehemu kubwa ya ukaguzi wa hospitali zetu, tuseme ukweli, hufanywa na ndugu wa mgonjwa. Mzee wa makazi hana mkaguzi huyo. Ndiyo maana yeye, kuliko mtu mwingine yeyote, anahitaji kiwango kilichoandikwa na mtu wa nje anayekuja bila kupiga hodi kuangalia kama kinafuatwa. Ni tundu lile lile la amri ya 1901.

Na msidhani fedha peke yake inaziba tundu hilo. Kwa jirani zetu Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 57, inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na serikali. Maneno mazuri. Mwaka 2023 waandishi wa BBC waliingia na kamera za siri kwenye nyumba moja ya wazee karibu na Nairobi, wakaonyesha wazee wakitendewa vibaya na watu walioajiriwa kuwatunza. Ufaransa, nchi tajiri, mwaka 2022 mwandishi Victor Castanet alitoa kitabu kuhusu kampuni ya Orpea, ambako hata nepi za wazee zilipimwa kwa hesabu ya kubana matumizi. Kote kuwili aliyefichua ni mwandishi. Mkaguzi alikuwa wapi?

Umoja wa Afrika nao ulipitisha Itifaki ya haki za wazee Januari 2016, na ikaanza kutumika mwaka 2024. Ibara ya 11 inazungumzia makazi ya wazee peke yake. Ni mwanzo mzuri, ikipata watu wa kupita na daftari mlangoni.

Haya, nikarudi kwenye kikao na maswali yangu ya kukagulia mahali popote pa kutunza wazee. Usiku yuko nani wa zamu, na anatunza wazee wangapi peke yake? Njia ya chooni ina taa na cha kushika ukutani? Choo ni cha kukaa? Dawa zinaandikwa kwenye daftari au zinakumbukwa kichwani? Akizidiwa saa 8 usiku, gari liko wapi? Fedha za mzee anashika nani, na nani anazihesabu? Mzee akiwa na malalamiko, anamwambia nani zaidi ya yule yule anayemlalamikia? Na mara ya mwisho kuja mkaguzi ilikuwa lini?

Mjomba, yule aliyepiga meza, akanyamaza. Kisha shangazi akauliza kwa sauti ndogo: "Na hapa kwetu je?"

Tukajikagua. Njia ya chooni haina taa. Choo ni cha kuchuchumaa. Usiku Bibi analala na mjukuu wa darasa la nne, ambaye akilala hata radi haimwamshi. Dawa za presha anazikumbuka mwenyewe, siku akikumbuka. Sisi tusiotupa wazee tulifeli karibu mtihani wote.

Tumeamua Bibi abaki nyumbani kwa sasa. Tumechanga: taa, choo cha kukaa, bomba la chuma la kushikilia ukutani, na binamu mmoja wa kike atahamia, kwa malipo, si kwa bure kama desturi yetu ya kuwatumikisha mabinti wa ukoo. Nyumba ya wazee hatujaifuta kwenye mazungumzo. Ikifika siku hiyo, tutakwenda na maswali mkononi, na tutaendelea kwenda.

Bibi Mdogo mwenyewe alikuwa kimya kikao kizima, anachambua mchele. Tulipomaliza nikamwuliza yeye anataka nini. Akasema: "Mjukuu wangu, nyumba ni nyumba. Nikiita usiku, nani ataitika?"

Sikuwa na swali hilo kwenye orodha. Nimeliandika la kwanza.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.