Sauti Iliyofungiwa Kiganjani

Katika simu yangu ya zamani zilikuwamo nyimbo elfu moja na ushei: taarab ya Unguja na Mombasa, muziki wa Misri, na kipande kimoja kisichopatikana katika santuri yoyote duniani, nacho ni sauti ya marehemu shangazi yangu akiimba harusini. Simu ile ilipotumbukia baharini sikuhuzunika sana, kwani nakala ya vyote nilikuwa nimeiweka katika hifadhi ya mtandaoni. Huzuni ilikuja baadaye. Neno la siri nililikumbuka, lakini mlango ulidai pia tarakimu zinazotumwa kwa nambari ya simu, na nambari ile, niliyoiacha miezi mingi bila ya kuitumia, ilikwisha kupewa mtu mwengine. Nyimbo hazikuungua wala hazikuibwa. Zipo; mwenyewe ndiye asiyeruhusiwa kuingia.

Msomaji mpenzi, kupotea kwa sauti si jambo geni visiwani kwetu. Lililo geni ni namna ya kupotea kwenyewe, na ili kuielewa yatupasa turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri na wenziwe hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa ajili ya santuri za His Master's Voice. Hadi wakati huo sauti ya mwimbaji ilikuwa ikiishi barazani na kwenye masikio ya waliohudhuria. Sasa ikawa kitu cha kushikwa kwa mkono, kununuliwa na kurithiwa. Kitu hicho kilikuwa na masharti yake. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulichukua takriban dakika 3, na wimbo uliozoea kujinyoosha usiku kucha ikabidi ujikunje. Tena santuri zenyewe zilitengenezwa kwa lakiri, utomvu utolewao na wadudu wa Bara Hindi, na ziliponyoka mkononi zilivunjika kama kigae. Sindano ya chuma nayo ilizila kila zilipopigwa. Hata hivyo, aliyekuwa na santuri na gramafoni hakuhitaji ruhusa ya mtu. Santuri ilipovunjika, mwenyewe aliviona vipande.

Kisha ikaja kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963 na kuenea pwani yetu katika miaka ya 1970 na 1980. Kaseti ilileta jambo ambalo santuri haikuliweza: msikilizaji naye aliweza kunakili. Palikuwa na maduka yaliyojulikana kwa kazi hiyo, kama vile Mbwana Radio Service la Mombasa, na palikuwa na majirani walioazimana kanda hadi zikachakaa. Kila nakala ilififia kuliko mama yake. Unyevu wa kisiwani uliziotesha ukungu, na redio mbovu zilizitafuna. Lakini wimbo uliokuwa katika nyumba hamsini haukufa kwa sababu nyumba moja imevuja. Mwenye kukosa alikwenda kugonga kwa jirani.

Mwaka 1995 wataalamu wa Ujerumani walilipa jina la mp3 faili la muziki uliokandamizwa. Wimbo wa dakika 4 uliochukua kiasi cha megabaiti 40 katika sahani ya CD ukatosha katika megabaiti 4 hivi. Ndipo maktaba nzima ikaingia mfukoni. Mwanzoni mwenye simu alikuwa na faili lake mwenyewe, akilituma kwa simu ya mwenziwe na kulitia katika kadi ya kumbukumbu. Lakini wauzaji walianza kuziuza nyimbo zikiwa na kufuli, na ufunguo wakabaki nao. Mwaka 2008 Microsoft ilitangaza kwamba haitatoa tena funguo za nyimbo ilizoziuza kupitia MSN Music; wanunuzi walipolalamika, ikaahirisha. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba muziki uliowekwa humo kwa miaka mingi ulipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Mwaka 2020 Google ikaifunga huduma yake ya Play Music, na wateja wakatakiwa kuhamia nyengine.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ama hakika zama hizi zimeligeuza neno hilo. Daftari lipo, tena limepangwa vizuri kuliko daftari lolote la mfanyabiashara wa zamani, ila limewekwa kwa mtu wa mbali asiyetujua, naye hutuuliza sisi ni nani kila tunapobisha hodi.

Tukumbuke basi nyimbo za Bi Siti zilitufikia vipi. Santuri zilizosalia zina sehemu yao, lakini Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alizibeba nyimbo hizo kifuani na kuziimba mbele ya vizazi ambavyo havikuwahi kuiona gramafoni. Kilichozihifadhi ni wingi wa waliokuwa nazo.

Baada ya kukata tamaa na mlango ule nilifanya kama walivyofanya watu wa kaseti: nikaenda kugonga kwa majirani. Binti mmoja wa mtaani alikuwa na kipande cha shangazi, alichorushiwa na mimi mwenyewe siku ya harusi, nami nilikwisha kusahau. Sauti inakwaruza, na inakatika katikati ya ubeti wa tatu. Beti zilizobaki ninazo katika daftari la marehemu, kwa mwandiko wake, ila namna alivyozivuta mwishoni sina tena.

Kipande hicho sasa kimo katika simu za jamaa tisa, pamoja na jina la mwimbaji na siku ya harusi. Nyimbo elfu nyengine zingali nyuma ya mlango. Nilizokuwa nimewapa watu zinarudi moja moja. Nilizojiwekea peke yangu hazijarudi.